Mitishamba ya kusafishia mifereji ya mizizi ya meno: ipi ina kazi, ipi ibaki kabatini

Faili, kijichuma chembamba cha kukwangulia mfereji, hata ile inayozungushwa na mashine, haifiki kila mahali. Asilimia 35 au zaidi ya ukuta wa mfereji hubaki bila kuguswa na chuma, na humo, kwenye vichochoro vya pembeni na karibu na ncha ya mzizi, ndimo bakteria wanamojibanza. Kinachowafuata huko ni maji. Kwa miongo mingi maji hayo yamekuwa hipokloraiti ya sodiamu, dawa ileile ya kung'arishia nguo, ya asilimia 0.5 hadi 6. Inanuka, inababua nguo za mgonjwa, na ikipenya kupita ncha ya mzizi inaleta maumivu makali ya ghafla hata kama ganzi imeshika, uso unavimba ndani ya dakika chache na damu inapanda mferejini. Si ajabu mbadala wa mitishamba umepata wapenzi. Hapa tunapima triphala, chai ya kijani, tunda la noni, mwarobaini na propolisi (utomvu unaokusanywa na nyuki), na tunagusia karafuu na manjano.

Tuanze na kipimo ambacho wauzaji wa mitishamba hawakitaji. Chukua kipande cha nyama ya kiini cha jino, kidogo kama punje ya mchele, ukiweke kwenye kisahani cha kioo na kukimwagia hipokloraiti ya asilimia 5. Vipovu vinaanza pembeni, kingo zinalainika, kipande kinasinyaa mpaka kinapotea. Weka kipande kingine kwenye maji ya triphala au ya chai ya kijani. Hakuna povu. Kinabadilika rangi kuelekea kahawia, na badala ya kulainika kinakaza, kwa sababu tanini za mimea hii hushikamana na protini, kama zinavyofanya ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Mfereji wenye nyama iliyooza, au mabaki yaliyobanwa kwenye uwazi mwembamba kati ya mifereji miwili, hauwezi kusafishwa na kitu kinachokaza nyama. Kwa sababu hiyo hatuupendekezi mmea wowote kati ya hii kuwa maji makuu ya kazi.

Kuua bakteria ni habari nyingine, na hapo mimea inastahili heshima yake. Triphala ni unga wa matunda matatu: amla, haritaki na bibhitaki, kwa kawaida kwa vipimo sawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliipima pamoja na polifenoli (kemikali za asili za mmea) za chai ya kijani dhidi ya utando wa Enterococcus faecalis uliooteshwa juu ya jino, bakteria anayekutwa mara nyingi kwenye mizizi iliyotibiwa ikashindikana. Zote mbili zilifanya kazi ya kuonekana, ila hipokloraiti ya asilimia 5 iliongoza. Chai ya kijani ina faida ya ziada: polifenoli zake huzuia vimeng'enya vinavyokula kolajeni, yaani nyuzi za protini, ya dentini, sehemu ngumu ya jino inayouzunguka mfereji, jambo la maana pale jino litakapojengewa kwa simenti ya rezini, aina ya plastiki inayogandishwa mdomoni. Hizi mbili ndizo tunazoziweka juu.

Noni imesifiwa kupita kiasi. Mwaka 2008 juisi yake ya asilimia 6 ilionyesha kuondoa tope la unga wa dentini karibu sawa na hipokloraiti, lakini kwenye meno yaliyong'olewa, na baada ya kila moja ilifuata kemikali ya EDTA ya asilimia 17. EDTA ndiyo inayoyeyusha madini ya tope hilo, kwa hiyo sifa hazikuwa za noni peke yake. Mwarobaini unaua bakteria, ila ubora wake unategemea majani yalivyokamuliwa, na chupa mbili za watengenezaji wawili si dawa moja. Propolisi inafaa zaidi kama dawa ya kuachwa mferejini kati ya ziara mbili kuliko kama maji ya kusuuza, kwani ni utomvu mzito. Muulize mgonjwa kwanza kama ana mzio wa mazao ya nyuki. Manjano yanatia jino rangi. Yasiachwe kabisa kwenye shingo ya jino la mbele. Mafuta ya karafuu yaepukwe kama utaziba kwa rezini, maana yujinoli, kiini cha mafuta hayo, inayobaki inazuia rezini isigande.

Ukitaka kutumia triphala au chai ya kijani, itumie kama suuzo la mwisho. Fanya kazi yote ya faili kwa hipokloraiti ya asilimia 2.5, jino likiwa limetengwa kwa kitambaa cha mpira, mililita 2 kila unapobadilisha faili. Sindano iwe ya geji 30 yenye tundu la ubavuni, iishie milimita 2 kabla ya urefu wa kazi, yaani kina ambacho faili inapaswa kufika, isibane ukutani, na uisogeze juu na chini muda wote. Sukuma kwa kidole cha shahada, si kwa dole gumba. Fuatisha EDTA dakika moja, kisha hipokloraiti tena.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatoa sindano ya hipokloraiti na kuingiza ya mmea papo hapo. Polifenoli na klorini zinaharibiana, hivyo zote mbili zinapoteza nguvu. Na kama maji ya mmea ni machachu, kama juisi ya noni, mchanganyiko unatoa gesi ya klorini. Suuza kwanza kwa mililita 5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kausha kwa vijiti vya karatasi mpaka kijiti kitoke kikavu, ndipo uweke mililita 5 za mmea kwa dakika 2 hadi 3. Zitikise kwa ncha ya mawimbi ya sauti sekunde 20, mara tatu. Suuza tena, kausha, ziba.

Usichemshe majani mwenyewe ukayachuja kwa kitambaa. Chembechembe zinaziba theluthi ya mwisho ya mfereji, na maji hayo yakilala usiku kucha yanaota bakteria wake. Tunachokubali ni kimiminika kilichotakaswa, chenye kiwango cha dondoo kilichoandikwa kwa miligramu kwa mililita, tarehe ya kutengenezwa na jina la kiyeyushi kilichotumika.

Kuna meno ambayo mitishamba inayatendea mema zaidi: ya maziwa, ambayo mizizi yake imeanza kuliwa na chini yake kuna jino la kudumu linalokua, na yale ya kudumu ambayo ncha zake hazijafunga. Hapo hipokloraiti kali ni hatari ya kweli. Punguza hadi asilimia 1 au chini yake kwa jino la maziwa, ipitishe taratibu bila shinikizo, na baada ya kusuuza kwa maji ya chumvi umalizie kwa triphala.