Banda la langalanga Uyole: kahawa nzuri, benchi ngumu, mabishano ya kiwango cha juu

Mimi ni fundi breki wa malori hapa Uyole. Jumapili sita za mbio zilizopita nimekuwa naingia kwenye banda moja la kuonyesha langalanga, yaani mbio za magari za Formula 1, upande wa barabara ya kwenda Tukuyu. Halina kibao. Ukiuliza wanapoonyesha magari, utaelekezwa. Naandika kwa sababu wapenzi wengi wa mbio hizi hapa Mbeya wanaziangalia kwenye simu, kila mtu peke yake chumbani, na wanakosa kitu.

Kiingilio ni shilingi 1,000. Benchi za mbele zina egemeo, za nyuma hazina, na baada ya mizunguko 50 mgongo utajua tofauti. Runinga imetundikwa juu, hakuna kichwa cha mtu kitakachokuziba. Ukuta wa upande wa mlimani ni wa mabati, hivyo kuanzia Juni upepo unapenya chini yake na kukata vifundo vya miguu. Nenda na koti. Kahawa ni shilingi 500, ya Mbozi, inachemshwa kwenye birika juu ya mkaa na haichujwi kwa haraka. Viazi vinamenywa ukiwa umekaa pale pale. Mimi huagiza sahani ya pili kabla ya ile ya kwanza kwisha, maana vikianza kugombewa huvipati tena.

Mbio za Ulaya kwa kawaida zinaanza saa kumi jioni kwa saa zetu, lakini kuanzia saa nane banda limejaa. Watu wanakuja kubishana nani bingwa mkubwa kuliko wote, na Mama mwenye banda ameweka sharti moja ambalo ndilo limenifanya nirudi kila mara: ukimtaja dereva, taja mbio yake moja uieleze. "Hesabu peleka sokoni," anasema, "hapa niletee mbio."

Sharti hilo linabadilisha kila kitu. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama na Hamilton: mataji 7, ushindi 105. Mama akamkatiza, mbio iko wapi? Akafikiri kidogo, akaleta Uturuki 2020. Lami inateleza, Hamilton kaanza wa sita, tairi za mvua nyepesi zimeisha mpaka zimekuwa vipara, na yeye anakataa kuingia kubadilisha. Akashinda kwa zaidi ya sekunde 30, na taji la saba likapatikana siku hiyo hiyo. Nikamwelewa. Hata anayeshika tairi kila siku hawezi kueleza kirahisi mtu anavyojua kwa makalio yake tu kwamba mpira uliobaki utamfikisha.

Halafu kuna mzee mmoja, aliyewahi kuendesha malori ya Zambia, ambaye hamtaji mtu mwingine ila Fangio, bingwa wa miaka ya 1950. Hoja yake ni kwamba hesabu za leo zinamwonea. Siku hizi msimu una mbio zaidi ya 20. Fangio alianza mbio 51 tu maisha yake yote ya langalanga, akashinda 24. Mataji 5, kwenye magari ya Alfa Romeo, Mercedes, Ferrari na Maserati. Mbio aliyoileta ni Nürburgring, Ujerumani, 1957. Fangio ana miaka 46, anasimama kuweka mafuta na tairi, mafundi wanachelewa, anatoka akiwa nyuma ya Ferrari mbili kwa zaidi ya sekunde 40. Akazifuata mzunguko baada ya mzunguko, akivunja rekodi ya njia mara kwa mara, akazipita zote mbili karibu na mwisho. Lakini kilichonigusa mimi ni jambo ambalo mzee alilisema wakati anakaa: Fangio alikuwa fundi. Alianzia gereji, Balcarce kule Argentina, na kabla ya Ulaya alishindana kwenye barabara za vumbi, maelfu ya kilomita kwenda Peru na kurudi. "Kama Joginder Singh," mzee akaongeza, na banda zima likanyamaza, maana vijana hawakumjua. Fundi wa Kericho, Kenya, aliyeshinda Safari Rally mara tatu, ya kwanza mwaka 1965 na Volvo iliyokwisha kutumika. Nilijisikia fahari kana kwamba nimetajwa mimi.

Schumacher na Senna nao walitajwa, na hapo sikukaa kimya. Jerez, Hispania, 1997 Schumacher alimgonga mpinzani wake Villeneuve makusudi, akafutwa kwenye msimamo wa msimu mzima. Suzuka, Japani, 1990 Senna alimgonga mpinzani wake Prost kwenye kona ya kwanza kabisa, na mwaka uliofuata akakiri mwenyewe. Wote wawili walikuwa na kipaji ambacho sina maneno nacho. Ila anayetumia gari kumtoa mwenzake barabarani, mimi simweki juu kabisa. Kuna kaka alinikasirikia akahama benchi. Msimamo wangu uko pale pale.

Hoja iliyonifikisha mbali zaidi aliileta dereva wa semi aliyekuwa anasubiri kupanda Tunduma kesho yake. Dereva wake ni Niki Lauda wa Austria, na mbio aliyoileta ni ile ambayo Lauda hakuimaliza. Agosti 1976 gari lake liliwaka moto Nürburgring, akaungua kichwa na mapafu. Akakosa mbio mbili, akarudi Monza na bendeji zinavuja damu, akamaliza wa nne. Mbio ya mwisho ikawa Fuji, Japani, mvua inamwagika, na Lauda anamwongoza mpinzani wake, James Hunt, kwa pointi 3. Akazunguka mara mbili akaingia ndani, akashuka. Kope zake zilizoungua hazikufumba vizuri na mvua ilimziba macho. Ferrari walikuwa tayari kusema injini imeharibika. Akakataa uongo huo. Hunt akamaliza wa tatu, akachukua taji kwa pointi 1.

"Mimi nimesimama juu ya mteremko wa Kitonga geji ya upepo wa breki inashuka," dereva akasema. "Tajiri akanikata posho ya safari. Wenzangu wakaniita mwoga. Ndiyo maana namjua Lauda."

Utingo wake akambishia bila kumwogopa: Hunt naye alikuwa kwenye mvua ile ile, mbona hakushuka? Swali la haki, na Hunt alilistahili taji lake. Lakini mimi nimefungua ngoma za breki zilizobadilika rangi kwa moto, za magari yaliyotolewa chini ya Mlima Nyoka na mteremko wa Iwambi. Najua ni madereva wangapi walihisi kanyagio linazama wakasema litashika mbele. Kusimama wakati unaongoza, dunia nzima inakutazama, halafu ukasema wazi kwamba ni wewe umeamua wala si injini, huo ndio ukubwa ninaoutafuta kwa bingwa. Na Lauda hakuishia pale. Akachukua taji tena 1977, akastaafu, akarudi, na mwaka 1984 akamshinda Prost kwa nusu pointi, 72 kwa 71.5, ingawa Prost alishinda mbio 7 na yeye 5. Nusu ile ilitokana na Monaco, iliyokatishwa kwa mvua Prost akiongoza, wakagawa nusu ya pointi. Nilipoyasema haya mzee wa Fangio alinipa mkono, akasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, na Mama akanijazia kikombe bila kunidai.

Sasa malalamiko, na natamani Mama ayasome. Jumapili mbili king'amuzi kilihamishiwa kwenye mpira wakati mbio haijaisha, mara moja ikiwa imebaki mizunguko 12. Tulilipa kiingilio cha langalanga. Ukijua kuna mechi ya Simba au Yanga, tuambie mlangoni tukiwa bado na hela mkononi. Spika ya kushoto nayo inakwaruza kiasi cha kumpoteza mtangazaji, kaa kulia. Choo ni kisafi, ila taa yake haiwaki tangu nilipoanza kwenda.

Nampa nyota nne kati ya tano. Fika kabla ya saa nane uwahi benchi yenye egemeo, karibu na mkaa. Jumapili ijayo Mama ameahidi atasimama mwenyewe na dereva wake, na hajamwambia mtu ni nani. Mimi nafunga gereji saa saba.