Uzoefu wangu: kuagana na bodi ya fyuzi za waya

Nyumba yetu ya familia iko Tanga, na ilipofungiwa umeme watu walitaka taa, redio na pasi, basi. Bodi yake ilikuwa ya fyuzi za kauri zinazochomolewa kwa mkono, zimepangwa juu ya ubao. Siku hizi nyumba hiyo hiyo ina friji, kiyoyozi, mashine ya kufulia na hita ya kuogea. Bodi nimeshaibadilisha, na ninaandika kwa ajili ya mwenye bodi kama ile anayejiuliza kama wakati wake umefika.

Fyuzi kukatika mara moja moja si sababu ya kung'oa bodi. Mara nyingi ni kifaa kimoja kibovu. Hata uzee peke yake haukunitisha. Dalili zilizonisukuma ni nyingine. Hita ikiwashwa, kifuniko cha bodi kilipata joto, taa zilififia, na ilitoka harufu ya plastiki inayoungua. Hita ile ni ya wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 24, na ilikuwa imeungwa kwenye fyuzi moja ya ampea 30 pamoja na soketi za jikoni. Halafu kuna chumvi ya bahari: skrubu zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na kiungo kikishika kutu au kikilegea ndipo joto linapoanzia. Ndani ya kishikio kimoja fundi alikuta waya wa kawaida umesokotwa, wakati waya halisi wa fyuzi ya ampea 15 una unene wa nusu milimita tu. Hapo kinachobaki kuungua ni nyaya zilizomo ukutani.

Lakini jambo lililonikosesha usingizi ni friji. Ukiigusa ukiwa peku, inakutekenya. Fundi alipima erthi, yaani njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, akapata karibu omu 50, akanipigia hesabu: laivu ikigusa bati la friji, umeme utakaopita ardhini ni volti 230 kugawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Fyuzi ya ampea 15 haitakatika kwa kiasi hicho, hata ipite siku nzima. Friji itabaki na umeme mwilini, ikimngoja mtoto aje kufuata maji ya baridi. RCD, yaani swichi ya usalama ya bodini inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi, hukata umeme ukivuja miliampea 30 tu, tena chini ya nusu sekunde. Kwangu mjadala uliishia hapo. Fyuzi zile zilitengenezwa kulinda nyaya zisiungue. Kumlinda mtu hazikuwa na uwezo huo tangu zikiwa mpya.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kubandua boksi na kubandika lingine siku hiyo hiyo. Wa pili, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, alikataa kununua chochote kabla hajapima nyaya kwa mashine ya volti 500. Kipimo hicho huonyesha kama ganda la waya bado linazuia umeme kuvuja, na kiwango cha chini ni megaomu 1. Laini ya bafuni na ya jikoni hazikufika. Nilimpenda kwa hilo, ingawa liliongeza gharama sana, kwa sababu ukweli ni kwamba boksi lenyewe lilikuwa sehemu ndogo ya bili. Fedha ilikwenda kwenye nyaya mpya, rodi mpya ya erthi, na kuziba kuta zilizochongwa. Vumbi lake lilinichosha, sitaficha.

Bodi niliyofunga ina RCD mbili, na breka ya peke yake kwa hita. Ilipowashwa, RCD moja ilikatika kila taa za baraza zilipowashwa. Kumbe mafundi wa zamani waliziunganisha nyutro zake (nyaya za kurudishia umeme) na laini ya upande wa pili. Umeme ukatokea RCD hii na kurudia ile, nayo ikahesabu kwamba unavuja. Mwenye haraka angeitoa RCD akaunga moja kwa moja, na wapo wanaofanya hivyo. Wangu alifuatilia waya kwa waya mpaka akautoa mchanganyiko.

Kasoro moja ninayoiona: RCD ikikatika usiku, friji nayo inazima pamoja na soketi zote za upande wake. Ningekuwa naagiza leo, ningelipia breka ya friji yenye RCD yake ndani.

Joto limekwisha, na taa hazififii tena kama zamani. Friji haitekenyi. Kitufe cha T nakibonyeza mara kwa mara kuhakikisha RCD inakata kweli. Ukimwita fundi wako, mwambie akuandikie vipimo vya erthi na vya kila laini kwenye karatasi kabla hujamlipa. Na kama kuna kiungo kinachopata joto upande wa mita ya Luku, hapo asiguse. Sili ya mita ni ya TANESCO, shirika la umeme, waite wao.