Losheni ya benzoeti kwa upele: dawa nzuri, upakaji mbaya

Losheni ya benzili benzoeti ya 25%, ile nyeupe kama maziwa inayouzwa kwenye famasi za Nairobi, inaua vidudu vya upele (skabi), ugonjwa wa ngozi unaoambukiza. Wengi wanaolalamika kuwa haifanyi kazi huipaka panapowasha tu. Mwasho wa mara ya kwanza huanza wiki 4 hadi 6 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo anayejikuna leo huenda ameshawaambukiza anaolala nao, hata kama hawana kipele hata kimoja. Wote wapakwe siku moja. Chupa ya mililita 100 haitoshi watu wanne. Piga hesabu kabla ya kutoka dukani.

Tikisa chupa. Oga, jikaushe, ngoja mwili upoe, kisha paka kuanzia shingoni hadi nyayoni: katikati ya vidole, makwapani, kitovuni, sehemu za siri, chini ya kucha zilizokatwa. Mtu mzima akae nayo saa 24, aoge, kisha apake mara ya pili, basi. Ukinawa mikono ili upike, ipake tena mikononi, maana vidudu hupenda sana hapo. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 12, changanya kipimo kimoja cha dawa na kimoja cha maji. Mdogo zaidi apelekwe kliniki.

Kasoro yake kubwa ni kuchoma, hasa ngozi iliyochubuliwa kwa kujikuna. Vidonda vyenye usaha vitibiwe kwanza. Kwa wajawazito na watoto wadogo hupendelewa krimu ya pemethrini 5%, dawa nyingine ya upele: huachwa saa 8 hadi 14, hurudiwa baada ya wiki moja au mbili, na haiumizi sana. Bei yake ni ya juu, na mtu mzima humaliza takriban gramu 30 kwa mara moja.

Shuka na nguo zifuliwe kwa maji moto. Maji yakiadimika, kama ilivyo mara nyingi katika mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru, zifunge kwenye ndoo yenye kifuniko kwa siku 4. Nje ya mwili vidudu hufa kwa siku 2 au 3. (Marobota ya mitumba ya soko la Gikomba husingiziwa bure: yamekaa safarini wiki nyingi.)

Baada ya dawa, mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 ingawa vidudu vimekufa. Usipake kila siku. Losheni yenyewe itaanza kukuwasha. Angalia vipele vipya. Vikitokea baada ya wiki 4, rudi kliniki ukachunguzwe kabla ya kununua chupa nyingine.