Mashine "inayocheza kila kitu" niliyouziwa Mwanjelwa

Ninaendesha banda la gemu hapa Mbeya, upande wa Soweto, na kwa miaka kadhaa nimeishi kwa mashine mbili za zamani na diski zaidi ya 30 nilizokusanya kwa kununua, kubadilishana na kuazimana na wenye mabanda wenzangu wa Uyole na Mafiati. Ndiyo maana nilipokwenda Mwanjelwa kununua mashine mpya, swali langu kwa kijana wa duka lilikuwa moja tu: je, inatumia diski? Akanijibu, "Inacheza kila kitu, mzee wangu." Nikalipa taslimu, fedha niliyoitunza likizo nzima ya shule.

Jioni ile banda lilijaa. Nilitoa diski ya gemu la mpira kwenye kasha lake, nikaifuta kwa upindo wa shati, kisha nikaanza kupapasa ubavu wa mashine kwa kidole, mbele, kulia, kushoto, kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Hapakuwa na tundu. Mtoto mmoja aliyekuwa tayari ameshika padi na shilingi 500 yake akaniuliza, "Babu, inaingilia wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilirudi dukani na boksi, risiti na diski ileile. Kijana hakuitikia hata salamu; bila kuinua macho kwenye simu akasema, "Mzee, ungesoma boksi. Siku hizi watu wanapakua." Hasara ninaweza kuivumilia, kwa kuwa biashara ndivyo ilivyo, lakini kuambiwa nikasome boksi na mtu niliyemuuliza akanijibu mwenyewe ni dharau ambayo sijaimeza hadi leo.

Wanapakua kwa bando gani? Gemu moja la mpira linakula makumi ya GB, na duka la mtandaoni la mashine hiyo halina Tanzania katika orodha ya nchi zake, hivyo nililazimika kufungua akaunti kana kwamba ninaishi Uingereza, kisha kutafuta kadi za malipo kwa madalali wanaopandisha bei wanavyotaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba diski ndiyo iliyokuwa silaha ya vita vya kampuni kubwa zinazotengeneza mashine hizi, Microsoft na Sony. Mwaka 2013, Microsoft ilipotangaza masharti magumu ya diski zilizokwisha kutumika kwenye mashine yake ya Xbox One, Sony ilitoa video fupi ya kufundisha namna ya kumwazima mwenzako gemu la mashine yake, PlayStation 4: mtu mmoja anampa mwingine diski, basi. Mashine yao ikauzwa dola 399 wakati ya mpinzani ilikuwa dola 499, na Microsoft ikayaondoa masharti yale mwezi huohuo wa Juni. Sisi wa mabanda tulishangilia, tukiamini ushindani unatulinda. Novemba 2020 kampuni hizo zote mbili zikaleta mashine zisizo na sehemu ya diski, moja kwa dola 299 na nyingine kwa dola 399, nafuu kuliko zile zenye sehemu ya diski, na unafuu huo wa bei ndio unaotunasa wanunuzi wa huku. Mashine yenyewe huwaletea faida ndogo au hata hasara. Fedha iko kwenye gemu, na diski inayopita mikononi mwa watu watano humlipa mtengenezaji mara moja tu.

Nilikusudia kumwambia kila mtu asiiguse mashine ya namna hii. Hata hivyo, haki yake niipe: inawaka upesi, haipigi kelele, na picha yake ni safi kiasi kwamba vijana wanaona hadi majani ya uwanja. Kwa mtu mwenye intaneti ya uhakika nyumbani na asiye na diski hata moja, labda ni mashine nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Kwa mwenye banda ni mzigo. Tena hapana, si mzigo tu, ni wizi, kwa sababu niliuliza kabla ya kulipa.

Banda limerudia mashine za zamani. Ile mpya iko nyumbani, wanangu wanaichezea gemu mbili nilizoweza kupakua, na sitaiuza. Ila katika duka lile sitanunua tena hata chaja ya simu.