Miche ya Heritage na Triple Crown: mimea mizuri, kijikaratasi kibaya

Niliagiza miche kumi ya rasiberi aina ya Heritage na mitatu ya blakiberi aina ya Triple Crown kutoka kitalu kimoja kinachouza kwa posta, nikiwa na shabaha moja tu: kuona kama kipande cha bustani kilicho nyuma ya nyumba kinaweza kuwatosheleza watu watano matunda hayo bila kuyanunua tena. Msimu wa nne umekwisha, na naona sasa nina haki ya kusema neno juu ya miche yenyewe, juu ya aina hizo mbili, na juu ya maelekezo yaliyokuja nayo, ambayo ndiyo yaliyonigharimu mavuno ya mwaka mzima.

Miche ilifika ikiwa imelala, haina jani hata moja, mizizi yake mitupu imeviringishiwa karatasi yenye unyevu. Kwa jicho lisilozoea ni kuni za kuwashia moto, na nakiri kwamba siku hiyo nilidhani nimetapeliwa. Hata hivyo yote ilichipua isipokuwa mmoja uliofika mizizi ikiwa imekauka, na kitalu kilituma mwingine bila ubishi.

Heritage ilitolewa mwaka 1969 na kituo cha utafiti wa kilimo cha Geneva, katika jimbo la New York nchini Marekani, na ubora wake mkubwa kwa mtu wa nyumbani ni namna inavyozaa. Mizizi ya mimea hii huishi miaka mingi, lakini kila ufito unaoota juu ya ardhi huishi miaka miwili tu. Katika rasiberi nyingi ufito hukua mwaka wa kwanza, ukazaa mwaka wa pili na kufa, ilhali Heritage huzaa kwenye ncha za fito zilizoota mwaka huohuo. Ndiyo maana tulionja bakuli la kwanza kabla hata mwaka wa kupanda haujaisha. Tunda lake lina utamu wenye uchachu kidogo na harufu nzuri, ila ukubwa wake ni wa wastani, na kwa kuwa huchelewa kuiva, mahali ambapo jalidi huwahi kushuka sehemu ya mavuno itapotea juu ya mti.

Triple Crown, iliyotolewa mwaka 1996 na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ilipewa jina hilo kwa sifa zake tatu, yaani ladha, wingi wa mazao na nguvu ya kukua. Hiyo ya tatu isichukuliwe kimzaha. Fito zake hutambaa mita kadhaa, hivyo nguzo imara na nyaya mbili za kuzifungia ni lazima tangu mwanzo, na nafasi ya mita moja na nusu niliyoiacha kati ya mche na mche imegeuka kichaka. Leo ningeacha mbili. Haina miiba, jambo ambalo mtu aliyewahi kuchuma blakiberi za porini atalithamini kuliko ladha yenyewe. Anayechuma asidanganywe na weusi wa tunda, kwa maana likiwa bado linang'aa ni kali, na utamu huja pale mng'ao unapofifia na tunda likaachia kwa kuguswa tu. Rasiberi kwa upande wake huchomoka na kuacha moyo wake mweupe kwenye mmea, na kwa sababu hubaki na uwazi ndani hupondeka kwa uzito wa wenzake, kwa hiyo tunazichumia kwenye chombo kipana kisicho na kina.

Sasa lile kosa. Kijikaratasi kilichoambatanishwa kilizungumzia miche yote kana kwamba ni mmoja, kikiagiza kwamba mwishoni mwa majira ya baridi fito zote zikatwe hadi usawa wa ardhi. Kwa Heritage agizo hilo ni sahihi na linarahisisha kazi. Triple Crown, hata hivyo, huzaa kwenye fito za mwaka wa pili pekee, na kinachostahili kukatwa ni zile zilizokwisha kuzaa. Nilitii, nikapata majani mengi ya kupendeza na tunda sifuri. Aidha, hakikusema lolote kuhusu udongo unaotuamisha maji, ambao huozesha mizizi ya rasiberi upesi, wala hakikutahadharisha mtu asipande mahali palipokuwa na nyanya au viazi, ambavyo huacha ardhini ukungu unaonyausha mimea hii pia.

Je, familia imetosheka? Kwa blakiberi tumetosheka na kuzidi, kwani mimea mitatu ikipamba moto hutulazimisha kugandisha matunda kwenye sinia kila jioni, nasi tungeridhika na miwili. Rasiberi kumi zilitupa matunda ya kula tu, pasipo ya jamu, ingawa si lazima kununua zaidi: Heritage huchipuza vichipukizi pembeni kila mwaka, na kwa kuving'oa na kuvipanda upya nimeufikisha mstari kwenye mimea ishirini na tatu bila gharama. Wavu wa kuzuia ndege nao uhesabiwe kuwa sehemu ya matumizi.

Kwa miche nakipa kitalu alama za juu, na ningeagiza tena kesho. Kuhusu kijikaratasi niliwaandikia, wakanijibu kwa heshima na kuahidi kukirekebisha; msimu uliopita jirani yangu aliagiza miche hiyohiyo, ikaja na kijikaratasi kilekile.