TAHADHARI: Warsha ya picha za theluji Italia, arbuni yangu imeliwa

Assalaam alaykum. Nawaandikia wapiga picha wenzangu wa Unguja na Pemba, hasa nyie vijana wa harusi mnaotamani kutoka kidogo kwenye maukumbi. Kuna mtu anauza warsha ya kupiga picha za milima wakati wa baridi, huko Dolomiti, Italia. Siku sita, watu sita tu, kulala na kula ndani yake. Msimpe hata shilingi. Mie nimeshampa 1,350,000.

Naanza na tangazo lenyewe, maana uongo wote ulikuwa mle ndani na mie nililitazama wiki tatu nzima. Picha ya ziwa, Lago di Braies, maji ya kijani unasema Mnemba, boti za mbao zimepangwa gatini, mlima nyuma. Juu yake maandishi ya njano: Januari, tutapiga macheo tukiwa ndani ya boti, nafasi mbili tu zimebaki.

Disemba nikawa na harusi ya wageni Kiwengwa. Bibi harusi bado anapambwa, nikamwonesha tangazo mjomba wa bwana harusi, Mtaliana wa kaskazini huko huko. Nilitaka anisifu. Mzee wa watu alicheka mpaka akatafuta kiti. Boti Januari? Ziwa lile liko mita 1,496 juu ya bahari, Januari limeganda, watu wanatembea juu yake. Boti zenyewe zinakuwa zimeshapandishwa nchi kavu zamani. Akashuka mstari wa pili, pale walipoandika kuwa basi litatufikisha alfajiri hadi Rifugio Auronzo, nyumba ya wageni ya mlimani chini ya vilele vya Tre Cime. Hapo hakucheka tena. Barabara ile, akasema, baridi yote imefungwa kwa theluji, anayetaka kufika apande kwa miguu au kwa pikipiki za theluji. Akanirudishia simu taratibu, akaniuliza, "Umeshalipa?"

Nilikuwa nimeshalipa, tena mara mbili. Kwanza arbuni ya 600,000, halafu 750,000 "ya viza na bima". Hiyo ya pili nimeipata kwa kuuza lenzi yangu ya milimita 85, ile iliyokuwa ikinilisha. Na nataka mjue kitu kimoja kilichotokea siku ile. Nimeandika namba, nimeandika kiasi, simu ikanitolea jina la mpokeaji: jina la mwanamke. Mimi nazungumza na mwanamme siku zote. Kidole kikasimama. Nikampigia, akaniambia, "Huyo mhasibu wetu, kaka, usiwe na wasiwasi." Nikaweka namba ya siri.

Kuhusu viza alisema watu wao wa ubalozini wameshaongea, barua ya mwaliko ipo, wiki moja inatoka. Sikilizeni. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, unaiomba mwenyewe, unatoa alama za vidole mwenyewe, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Maombi yanatakiwa yafike angalau siku 15 kabla ya safari. Barua ya mwaliko ni karatasi moja tu katika rundo zima. Anayekuhakikishia viza anakuuzia kitu ambacho si chake.

Kilichonimaliza zaidi ni kwamba jamaa anaijua kazi, au anajua pa kuisoma. Kwenye kundi la WhatsApp alikuwa anatufundisha, na aliyotufundisha ni kweli. Theluji inaidanganya kamera, inaona mwanga umezidi, picha inatoka ya kijivu, kwa hiyo ongeza mwanga stopu moja hadi mbili (stopu ni kipimo cha mwanga). Betri za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazimaliza haraka. Ukitoka nje kwenye baridi, kamera ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaingia ndani, isije ikajaa umande. Sisi watu wa kaskazi na kusi, ambao kipupwe kikiingia tunatafuta sweta, mtu akitueleza habari za betri kuganda tunamwona mwanachuoni. Yote hayo yamejaa intaneti, bure. Na wale "wanafunzi" wengine wanne waliokuwa wakishangilia kila anachosema, leo nikiwakumbuka naona wote walikuwa wanaandika kwa mtindo mmoja, hadi kukosea "theruji" wanakosea pamoja.

Nilipoamka nikazitafuta picha zake kwenye Google, kutafuta kwa picha. Kila moja ina mwenyewe, wapiga picha tofauti wa nchi tofauti, na moja alama ya mwenye picha imekatwa vibaya, herufi mbili zimebaki pembeni. Nilimwomba simu ya video, mtandao ukawa mbaya. Nikamuuliza kampuni imesajiliwa wapi, BPRA hapa kwetu au BRELA Bara, akasema ya nje. Nikadai changu. Akajibu arbuni hairudi, na kabla ya magharibi nimeshatolewa kwenye kundi.

Nimechapisha ujumbe wote nikaupeleka polisi, na ile namba nimeiripoti 15040, ya kuripoti matapeli wa simu. Lenzi sidhani nitaiona tena.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Juzi kijana wangu mmoja wa Wete kanitumia tangazo, ananiuliza kama linafaa. Warsha ya theluji, safari hii Kilimanjaro, watu sita, siku mbili kwenda na kurudi hadi kileleni. Mita 5,895 kwa siku mbili! Njia ya Marangu, ambayo ni miongoni mwa za siku chache, ni siku tano. Maandishi ya njano yale yale, nafasi mbili tu zimebaki. Namba ni mpya. Nikaiandika kwenye simu kana kwamba natuma elfu moja, nikangoja jina litokee. Ni yule yule mhasibu. Nikabonyeza kughairi.