Kokoto za reli ya modeli: zipi ununue, zipi uziache, na namna ya kuzigandisha zisisogee

Reli ikishalazwa juu ya ubao, kinachoitenga na treni ya kuchezea watoto ni kokoto zake. Na kosa la wanunuzi wengi ni lilelile: wanatazama rangi ya pakiti, hawatazami ukubwa wa chembe.

Anza na hesabu. Kokoto za njia kuu za Ulaya huchekechwa kati ya milimita 31.5 na 50. Gawanya kwa 87, skeli ya HO (modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi), upate chembe za milimita 0.36 hadi 0.57. Kwa OO ya Waingereza (76) ni 0.41 hadi 0.66, na kwa N (160) ni 0.2 hadi 0.31 tu. Sasa mwaga kijiko kimoja cha kokoto za dukani kando ya rula. Chembe ya milimita 1 kwenye HO ni jiwe la sentimita 8.7, yaani ngumi ya mtu mzima, na njia nzima ikijaa ngumi jicho linaliona kosa hata kabla mwenyewe hajajua ni nini. Kwa hiyo mwenye HO anunue zilizoandikwa "laini", aziache zile za "wastani". Mwenye N atafute laini kupita zote.

Kiasi: njia moja ya HO iliyolazwa juu ya shiti ya gome la kizibo yenye unene wa milimita 5 hula kama mililita 100 za kokoto kwa kila mita. N hula 30 hadi 40. Ongeza robo ya ziada, na ununue zote siku moja, maana rangi ya mzigo unaofuata inaweza kutofautiana kidogo, na kiungo kitaonekana daima.

Nafasi ya kwanza: mawe halisi yaliyosagwa

Graniti au jiwe lolote gumu lililosagwa na kuchekechwa ndilo chaguo letu bila kusita. Ni zito, kwa hiyo linakaa pale ulipoliweka unapoanza kumwaga gundi, na kingo zake kali zinashikana zenyewe. Mililita 100 zina uzito wa gramu 140 hivi.

Ukiwa Nairobi, Mwanza au Dar es Salaam huna haja ya kulipia pakiti isafirishwe kutoka ng'ambo. Nenda kwa wauza kokoto za ujenzi, uombe vumbi la kokoto. Kilo 3 zinatosha mita 5 za HO na kubaki, ingawa sehemu kubwa utaitupa. Lioshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi, lianike likauke kabisa, kisha lichekeche kwa chujio la chai la waya laini kabisa. Kinachobaki juu kitafaa kuwa miamba midogo ya kando ya njia. Kilichopita kichekeche tena kwa kitambaa cha nailoni ili unga utoke, kwa sababu unga ukichanganyika na gundi unageuka tope la kijivu linaloziba nafasi kati ya chembe.

Halafu sumaku. Ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, uipitishe mara kadhaa kwenye kokoto zilizotandazwa. Ikitoka na manyoya meusi, endelea mpaka itoke safi. Injini ya modeli ina mota yenye sumaku na inapita milimita chache tu juu ya njia. Chembe za chuma huvutwa ndani, zikasaga gia na kuikwamisha mota. Hata pakiti ya dukani ipimwe hivyo.

Rangi ichague ikiwa imelowa, kwani gundi hulifanya jiwe liwe jeusi kidogo. Anayejenga njia mpya ya SGR (upana wa milimita 1,435, kwa HO ni reli za upana wa milimita 16.5) atumie kijivu safi. Anayejenga ile njia ya zamani ya upana wa mita moja ya Mombasa hadi Kisumu anahitaji reli za milimita 12, na kokoto zake zichanganywe na hudhurungi ya kutu na vumbi jekundu, hasa kwenye kipande cha Voi na Tsavo.

Nafasi ya pili: maganda ya jozi yaliyosagwa

Hizi ndizo utakazozikuta kwenye maduka mengi ya modeli, zikiwemo za Woodland Scenics ya Marekani. Chembe zinalingana, rangi ni nyingi, na ni nyepesi, jambo zuri kwa ubao wa kubebwa. Wepesi huohuo ndio ugonjwa wake: maji yakiingia, zinaelea. Tuta ulilolichonga kwa saa nzima linasambaratika kwa tone moja la gundi. Zinafaa kwa mtu asiye na haraka anapolowesha.

Nafasi ya tatu: mchanga wa mto

Ni rahisi kuupata, lakini chembe zake ni mviringo, zinabingirika, na tuta halisimami. Utumie kwenye yadi na njia za pembeni, ambako kokoto halisi nazo zimezama kwenye udongo. Mchanga wa baharini usiuguse: chumvi inavuta unyevu na kula chuma, na vipande vya kombe vinamweta chini ya taa.

Nafasi ya nne: reli zenye tuta la plastiki

Kato Unitrack na C-Gleis ya Märklin zinakuja na tuta lake tayari. Kwa anayefungua na kufunga reli mezani kila Jumapili, hakuna kinachozishinda. Kwa mandhari ya kudumu zinang'aa kiplastiki mpaka uzipake rangi isiyong'aa na kumwagia kokoto juu yake.

Sponji zilizochongwa kama kokoto ni za mwisho. Nyingi huoza baada ya miaka na kuwa unga unaonata.

Udongo na nyasi

Udongo halisi hauna mpinzani, ila uoke kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa moja ili mayai ya wadudu na mbegu zife, kisha uuchekeche na kuupitishia sumaku. Kwa nyasi kavu za mbuga, kamba ya katani iliyokatwa vipande vya milimita 5 na kusimamishwa kwenye tone la gundi inashinda nyingi za dukani. Nyuzi za nailoni zinazosimamishwa kwa umeme tuli tungezinunua kwa ajili ya nyasi za kijani pekee. Kuwa makini na stairofomu ya vilima: gundi ya viatu inaiyeyusha papo hapo.

Kugandisha

Kabla ya kokoto, nyaya zote ziwe zimelehemiwa, reli zimepakwa rangi ubavuni, na treni imepita kila mahali bila kusita. Baada ya hapo kung'oa ni kazi.

Mwaga kokoto kavu katikati na kando, uzisambaze kwa brashi laini, kisha gonga reli polepole kwa mpini wa brashi ili zilizopanda juu ya mataruma zishuke. Zibaki chini kidogo ya uso wa mataruma. Chembe iliyoegemea upande wa ndani wa reli hugongwa na ukingo wa gurudumu na kuangusha behewa.

Sasa lowesha, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Maji matupu hukaa juu kama shanga, na gundi inayofuata inajikunja kuwa vidonge na kuacha mashimo. Tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, au maji yenye sabuni ya vyombo, matone 2 kwa mililita 100. Nyunyiza ukiwa umeinua chupa juu ili ukungu ushuke wenyewe, mpaka unyevu ufike chini kabisa. Ukitumia alkoholi, zima umeme na fungua madirisha. Spiriti ya dawa yenye mafuta ya mbarika iepuke, inaacha utando.

Gundi nyeupe ya mbao: sehemu 1 kwa 2 za maji, na tone la sabuni. Idondoshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, katikati ya mataruma, uache isafiri yenyewe. Acha pale unapoona weupe kama maziwa kati ya chembe. Nunua ile ya kawaida, si ya kuzuia maji, kwa sababu ya kawaida hulainika kwa maji ya moto siku utakapotaka kuhamisha njia. Kasoro yake ni kwamba inakauka ngumu na kupitisha kelele ya treni hadi kwenye ubao. Gundi ya mpira kama Copydex inanyamazisha zaidi, kwa bei kubwa zaidi. Iache saa 24. Pwani, penye unyevu, 48.

Kwenye pointi, pale njia inapogawanyika, punguza kokoto chini ya ndimi zinazosogea mpaka ubao uonekane, na usidondoshe gundi ndani ya sentimita 2 za fito inayozivuta. Paka hapo unga wa penseli. Gundi ikiwa bado mbichi, sogeza ndimi kila baada ya nusu saa.